NENO "POLL": KICHWA, KODI NA KURA

Kila ufikapo wakati wa uchaguzi, neno la Kiingereza "poll" husikika kila mahali, redioni, magazetini na katika ofisi za wilaya. Wengi hulifasiri "kupiga kura" na kuliacha hapo. Lakini neno hili halikuzaliwa katika sanduku la kura. Maana yake ya asili ni kichwa, hasa utosi, pale nywele zinapoota.

Kutoka hapo lilikwenda kwa kinyozi, kwa kuwa kitenzi chake kilikuwa na maana ya kukata nywele. Kisha likafika kwa wakata miti na wafugaji. Hata leo ng'ombe asiyeota pembe, kama wale weusi wa Aberdeen Angus wa Uskochi, huitwa "polled". Mkulima alionapo neno hilo katika tangazo la mnada asidhani kwamba fahali huyo amepigiwa kura! Makarani nao hulikuta katika "deed poll", ile hati ya kubadili jina. Iliitwa hivyo kwa sababu ukingo wa karatasi yake ulikatwa ukanyooka, tofauti na mkataba wa watu wawili, ambao ulikatwa kwa meno-meno ili kila mmoja apate kipande kinachooana na cha mwenzake.

Basi atakaye kujua idadi ya watu huhesabu vichwa. Ndipo neno hili lilipoingia katika mambo ya Serikali, kwa njia mbili: kodi na kura.

Kenya ilianza kuijua kodi. Kodi ya kibanda ilitozwa tangu 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa "poll tax", yaani kodi ya kichwa, kwa wanaume wazima wasiokuwa na kibanda cha kulipia. Tafsiri hiyo ya Kiswahili ilikuwa sahihi kabisa. Yamkini Waingereza wengi wenyewe walikwisha kuisahau maana hiyo. Kodi haikuuliza kama mwenye kichwa amesoma au hakusoma, wala kama ana mali au hana. Kila kichwa kilihesabiwa kuwa kimoja.

Kura ilichelewa. Ilikuwa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane. Tom Mboya alishinda Nairobi, Oginga Odinga Nyanza ya Kati, na Ronald Ngala Pwani. Lakini safari hii vichwa havikuwa sawa. Mpiga kura alitakiwa awe na sifa fulani: elimu, mapato, mali, utumishi wa miaka mingi, na nyingine kama hizo. Mwenye sifa kadhaa aliweza kupewa hata kura tatu, na asiyekuwa nayo hakupata hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa, zaidi ya hayo, kuwa na hati ya utiifu kwa Serikali. Hivyo watu wawili waliolipa kodi kwa karani mmoja waliweza kuwa hivi siku ya uchaguzi: mmoja ana kura tatu, mwenziwe ni mtazamaji. Uchaguzi wa Mei 1963 ndio uliowapa watu wazima wote, wake kwa waume, kura moja moja.

Si Kenya tu iliyoona kodi na kura zikigongana. Katika majimbo ya kusini ya Marekani kodi ya kichwa ilifanywa sharti la kupiga kura, ikawafungia nje watu weusi wengi na wazungu maskini, mpaka ikakomeshwa kwa sheria na hukumu za miaka ya 1964 na 1966. Na Uingereza, serikali ya Margaret Thatcher ilipoleta kodi ya namna hiyo mwaka 1989 huko Uskochi na 1990 huko England na Wales, wako walioacha kujiandikisha katika daftari la wapiga kura ili wasipatikane na watoza kodi.

Limebaki jambo moja la lugha. "Opinion poll" mara nyingi huitwa "kura ya maoni", na jina hilo hilo hutumika kwa kura ya taifa zima, kama ile ya Agosti 2010 iliyopitisha Katiba mpya ya Kenya. Hii ya pili hufunga nchi kisheria. Ile ya kwanza ni kuwauliza watu wachache, pengine elfu mbili, wanaelekea upande gani; haimwingizi mtu Bungeni wala haimtoi. Ingefaa iitwe "uchunguzi wa maoni".