Breki za tela: kani, msuguano na kifaa cha kuzidhibiti

Wanafunzi wengi wanazijua sheria tatu za Newton kwa kichwa, lakini wakiletewa swali la gari linalovuta tela wanakwama. Wanalihesabu gari na tela kama kitu kimoja, wakati swali linauliza kinachotokea pale vinapoungana. Somo hili linashughulika na pale.

Simama Usagara, wilayani Misungwi, barabara ya Mwanza–Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo. Utaona tela la trekta lililobeba magunia ya mpunga, ambalo mara nyingi halina breki zake lenyewe. Utaona malori yenye breki za upepo, na mara mojamoja pikapu inayovuta tela dogo. Zamani magari yanayokwenda Sengerema na Geita yalifika Kigongo na kusubiri kivuko, kisha yakaingia humo polepole. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa, yanavuka kilometa 3 za maji bila kusimama. Umbali wa kusimama una uzito zaidi gari likiwa na mwendo, kwa hiyo tuuhesabu.

Mfano. Pikapu ina tungamo la kg 2,000 na inakwenda km 72 kwa saa, yaani m/s 20. Breki zake zinatoa kani ya N 12,000. Ikiwa peke yake, mchapuko wa kupunguza mwendo ni 12,000 ÷ 2,000 = 6 m/s². Umbali wa kusimama ni v² ÷ 2a = 400 ÷ 12 = m 33.3.

Sasa ifunge tela la kg 1,000 lisilo na breki. Kani ni ileile, N 12,000, lakini tungamo ni kg 3,000. Mchapuko unashuka hadi 4 m/s² na umbali unakuwa m 50. Karibu mita 17 zimeongezeka, na mtoto anayevuka barabara na baiskeli anaweza kuwa ndani ya mita hizo.

Wengi huishia hapo na kupoteza alama za sehemu ya pili. Tela nalo limepunguza mwendo kwa 4 m/s². Ni kitu gani kimelipunguza, na breki halina? Ni pikapu, kupitia kiungo. Kani ya kiungo ni 1,000 × 4 = N 4,000. Kwa sheria ya tatu ya Newton, tela nalo linaisukuma pikapu mbele kwa N 4,000. Barabara ikiwa imenyooka, dereva anahisi msukumo tu. Ikiwa ni kona, kani hiyo inausukuma ubavuni mwa barabara upande wa nyuma wa pikapu, na gari linaweza kujikunja pale kwenye kiungo kama kisu cha kukunja.

Tela likiwa na breki za N 3,000, jumla ni N 15,000, mchapuko 5 m/s², umbali m 40, na msukumo wa kiungo ni 1,000 × 5 − 3,000 = N 2,000. Breki za tela zikifika N 6,000, mchapuko unarudi kuwa 6 m/s², umbali m 33.3, na msukumo wa kiungo ni sifuri. Kila kimoja kinajisimamisha chenyewe. Hapo ndipo fundi anataka kufika anaporekebisha breki za tela.

Je, kwa nini tusizikaze zaidi ya hapo? Kwa sababu ya msuguano. Chukua uwiano wa msuguano kati ya tairi na lami kavu kuwa 0.7 na g kuwa 10 m/s². Lami inaweza kulishika tela la kg 1,000 kwa kani isiyozidi 0.7 × 1,000 × 10 = N 7,000. Ukipita hapo magurudumu yanagoma kuzunguka, yanaburuzika, na tela linayumba. Angalia pia tela likishusha mzigo na kubaki kg 300: kikomo kinashuka hadi N 2,100. Breki zilizowekwa kwa N 6,000 zilikuwa sahihi asubuhi likiwa limejaa. Jioni likiwa tupu ni hatari.

Ndiyo maana breki za umeme zina kidhibiti karibu na usukani. Ndani ya kila dramu kuna sumaku-umeme. Mkondo ukipita, sumaku inaushika uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa nao, na mkono wake unasukuma viatu vya breki. Mkondo ukiongezeka, breki zinakaza zaidi. Kidhibiti cha aina moja huongeza mkondo taratibu tangu dereva anapokanyaga breki, hata kama amekanyaga kidogo. Aina bora zaidi hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo. Za zamani za aina hii zilitumia timazi ndogo: gari likifunga breki, timazi inaendelea mbele (sheria ya kwanza ya Newton) na kuinama kwa pembe ambayo tanjenti yake ni a ÷ g. Kwa 6 m/s², pembe ni kama nyuzi 31. Utaona mara moja kwa nini kifaa hiki hufungwa kikielekea mbele na kusawazishwa: kikiinama, kinasoma mchapuko usiokuwepo.

Kukirekebisha si kazi ndefu. Kwanza nafasi kati ya viatu na dramu iwe sawa, maana kidhibiti hakiponyi breki iliyokwisha. Tela lipakiwe mzigo litakaosafiri nao. Kwenye barabara tambarare, kavu na isiyo na magari, dereva anakwenda km 40 kwa saa, kisha anasukuma kiswichi cha mkono kinachofunga breki za tela peke yake. Zikiwa dhaifu anaongeza. Magurudumu yakigoma anapunguza. Mahali pa kuacha ni chini kidogo ya pale yanapogoma. Mzigo ukibadilika, anarudia.

Tatizo moja linapenda kutokea kwenye swali la umeme. Sumaku nne za Ω 4 kila moja, zimeungwa sambamba kwenye betri ya V 12. Ukinzani wa pamoja ni Ω 1, mkondo A 12, kila sumaku inapata A 3. Plagi ikishika kutu na kuongeza Ω 0.5, jumla ni Ω 1.5, mkondo A 8, kila sumaku A 2 tu. Dereva anaweza kuzungusha kidhibiti hadi mwisho na breki zikabaki legevu. Dawa ni kusafisha plagi.

Malori makubwa hutumia upepo. Bomba jekundu hujaza mtungi wa tela, la njano hupeleka amri ya kufunga. Jekundu likikatika, tela linajifunga lenyewe. Wazo hilo lilitoka kwenye reli, kwa Mmarekani George Westinghouse, mwaka 1872.

Jaribu mwenyewe. Gari la kg 2,500 lenye breki za N 15,000 linavuta tela la kg 1,500 lenye breki za N 5,000. (a) Tafuta mchapuko. (b) Tafuta msukumo kwenye kiungo. (c) Breki za tela ziwe N ngapi ili msukumo uwe sifuri? (d) Tela likibaki kg 500, je, mpangilio wa (c) unafaa? Tumia uwiano wa msuguano wa 0.7.

Majibu: (a) 5 m/s². (b) N 2,500. (c) N 9,000. (d) Haufai, kikomo ni N 3,500, magurudumu yatagoma.