Alipata Ngapi?

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yakitoka, mtaa wetu wa Bel-Air hapa Lubumbashi hauhitaji redio. Kelele inaanzia nyumba moja, inajibiwa na nyumba ya pili, halafu kijana anatokeza barabarani mweupe kuanzia nywele hadi kifua. Amemwagiwa poda ya watoto wachanga, na mashangazi wako nyuma yake wanaimba nyimbo za kanisa. Ni kiangazi, vumbi jekundu limeganda kwenye majani ya miembe, na ile poda inang'aa kweli. Wenye vibanda wanaijua siku hiyo: makopo ya poda yaliyokuwa nyuma ya sabuni mwaka mzima yanasogezwa mbele, na bei yake haiwi tena ya jana. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya mtaa huu wa wilaya ya Kampemba, na siku ya poda naipenda. Mwanafunzi akinikumbatia, blauzi yangu inachafuka, nami naenda nayo hivyo hivyo hadi nyumbani.

Lakini zipo nyumba ambazo siku hiyo zinafunga mlango mapema. Ujumbe umeingia kwenye simu na asilimia hazikufika 50. Kesho yake, penye bomba la maji na penye mkate, swali ni moja tu: "Mutoto yako alipata ngapi?" Kama amekula, kama amelala, hakuna anayetaka kujua. Msichana mmoja aliyeanguka alikuja kwangu akaniuliza: "Madame, sasa miye niko mutu gani?" Nilitarajia aniulize atafanya nini mwaka ujao. Aliniuliza habari ya utu wake, kana kwamba nao ulikuwa ndani ya ule ujumbe.

Mji wetu unalijua swali hilo vizuri. Hapa limeulizwa na wanaume wenye wajukuu.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ikiitwa Élisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipata shida mwanzoni: wafanyakazi walikuja, wakachoka, wakarudi kwao, na wengi walikufa kwa magonjwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mbinu. Mfanyakazi alete mke, azae watoto kambini, akae. Akapewa nyumba, hospitali, shule ya watoto, na posho ya unga iliyopimwa kwa wingi wa familia yake. Mama alikwenda foyer social kufundishwa kushona na kutunza nyumba. Serikali ilipotaifisha kampuni mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, utaratibu huo uliendelea. Matrikule ya baba, namba yake ya kazi, ndiyo iliyofungua kila dirisha: la unga, la dawa, la kumwandikisha mtoto. Wazee wetu walisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama, na hawakuwa wakitunga methali. Walikuwa wakieleza jinsi maisha yalivyokwenda.

Mtu aliyelelewa hivyo alijiona ana thamani, na sina haki ya kumcheka. Shida ni kwamba thamani hiyo ilikuja na mfuko wa unga, ikawekwa ghala moja nao. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji haukufika tani 40,000. Mishahara ikaanza kuchelewa mwezi, halafu miezi mingi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ikaja Opération Départs Volontaires, mpango wa kuondoka kwa hiari: zaidi ya wafanyakazi 10,000, wenye angalau miaka 25 ya kazi, walipewa fedha za kuagana na wakaondoka. Tangu hapo mjini kwetu mtu anaweza kutambulishwa hivi: "Huyu ni départ volontaire." Yaani hata kuondoka kwenyewe kukawa cheo.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kuhusu familia hizi, kikatoka mwaka 2001, miaka miwili kabla ya zile fedha za kuagana. Jina la kitabu linasema bana Shaba, watoto wa Shaba, waliachwa na baba yao, na baba anayesemwa ni kampuni. Anaonyesha jinsi wake walivyoanza kulisha nyumba kwa biashara ndogondogo na mashamba ya kando ya mji, na jinsi neno la baba mezani lilivyopungua uzito. Nikisomesha jambo hili darasani, daima kuna mtoto anayeacha kuandika.

Karibu na kwetu yupo mzee aliyeacha kazi ya kampuni nyakati hizo. Kazini alikuwa kiongozi wa kundi, mtu wa kujaza ripoti za zamu, na miezi ya kwanza nyumbani hakuwa akisalimia mtu. Kisha jirani akafa. Kwenye kilio alitafutwa mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika michango, wakamwita yeye. Daftari lile lipo hadi leo, na nimelishika mkononi. Kila ukurasa aliouandika amepiga mistari kwa rula: jina, namba ya nyumba, alicholeta. Aliyetoa dola 50 yupo. Chini yake mara moja yupo mama aliyeleta "maji, ndoo mbili", kwa wino uleule na mwandiko uleule. Watu wanaandikwa kwa jinsi walivyofika. Siku moja kijana wa familia ya marehemu, mwenye gari, alitaka waliotoa nyingi waandikwe juu ili wasomwe kwanza. Mzee alimjibu, "Kilio haina chef," akaendelea kuandika.

Msomaji mkali atasema: huyo amebadilisha kazi kwa kazi tu, akinyang'anywa daftari atarudi palepale. Mimi pia niliwaza hivyo. Halafu mguu wake ukavimba, akashindwa kukaa usiku kucha nje, na daftari likashikwa na binti wa nyumba ya tatu. Mistari ya binti imepinda, michango ameiandika bila mpango. Lakini kila kilio bado mtu anatumwa kumwambia mzee kabla ya wengine, na anapelekewa bukari yake, ugali wa kilio. Hapo ndipo ninapoona tofauti. Kazini, aliyeshindwa kufanya kazi alitolewa kwenye orodha. Mtaani, orodha si ya wanaofanya.

Wazo hili, kwamba utu wa mtu hautoki kazini, halikuletwa na vitabu vya kujifariji. Lilishasemwa kwa Kiswahili katika kambi za migodi zamani sana. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka hapa Élisabethville mwaka 1945, alihamia Kolwezi mwaka 1953. Huko, pamoja na wafanyakazi na wake zao, ilizaliwa Jamaa, kundi la Wakatoliki. Walifundishana kwamba mtu anatafuta mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Uzazi haukuwa wa tumbo peke yake. Mume na mke waliwazaa wengine katika roho, hata wasiokuwa na mtoto. Mimi si mtu wa Jamaa, na najua baadaye iligombana na maaskofu. Ila nawafikiria wale watu wa zamu, mikono imeiva kwa madini, wakikaa jioni kusema kwamba umuntu wao, yaani utu wao, una nguzo tatu, na hakuna hata moja inayotoka kwa msimamizi au inayohesabiwa kwa asilimia.

Wanasaikolojia wa leo wanaligusa jambo hilo kwa njia yao. Jennifer Crocker na wenzake, Marekani, walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wakingoja majibu ya kukubaliwa vyuoni kwa masomo ya juu. Wale waliotegemeza heshima yao kwenye masomo walipanda siku ya kukubaliwa na kushuka siku ya kukataliwa kuliko wenzao. Ukiwa umesimama Bel-Air siku ya matokeo unaweza kuona kitu hicho kwa macho: hata waliopakwa poda, nikikutana nao baada ya wiki chache, wengine tayari wanaogopa chuo kikuu kitawapa ngapi.

Sasa mtu afanye nini? Kujiambia mbele ya kioo kwamba una thamani, sijaona kunamsaidia mtu. Mtu haamuru moyo wake. Ninachoona kinasaidia ni kuwa na mahali ambapo hukuulizwa cheo ulipoingia, na kuingia humo mapema, kabla kazi au mtihani haujakuangusha. Wengine wanapata mahali hapo kwenye kwaya. Akina mama wengi wanapapata kwenye likelemba, mchango wa kupokezana, kwa sharti watu wake wawe wanatembeleana hata mwezi ambao mmoja hana cha kutoa; likelemba ya fedha tupu ni benki tu. Na mtoto anapewa mahali hapo nyumbani, kwa vitendo vidogo, si kwa hotuba.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa wazazi wa wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ninaomba jambo moja. Amueni tangu leo kitakachopikwa siku ya matokeo, kipikwe, kiliwe, bila kujali simu imesema nini. Kuku akichinjwa kwa aliyepita tu, mtoto amekwisha kusoma bei yake. Baadaye ndipo mkae kuzungumza mtihani, na mzungumze kwa ukali mkitaka, maana diploma ina faida na maisha ni magumu. Sitaki mzazi adhani ninadharau masomo ninayolipwa kuyafundisha.

Baba mmoja, fundi wa magari, alisimama mwaka jana. "Madame, ukimupenda hivi, ataregea. Woga njo inasomesha." Nilimjibu kwa yale ninayoyaona shuleni. Mtoto anayeamini akianguka si kitu tena anaficha karatasi, anakwepa njia ya shule, harudi. Anayejua nyumbani bado ni mtoto wa nyumba anakuja mwezi wa tisa kuuliza jinsi ya kujiandikisha upya, hata kama autodidacte, mtahiniwa wa kujisomea, na anauliza bila kuangalia chini. Baba yule alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kuku huyo wa aliyeanguka atalipwa na nani. Wazazi wakacheka. Nikamwambia sombe na samaki wa tomsoni vinatosha kabisa, mradi iwe sahani ileile ambayo angempa akifaulu.