Mwale au Msafara? Juu ya Mwenendo wa Chembe Katika Mitambo ya Kuziharakisha

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi wataalamu wa fizikia wanavyoufahamu mwenendo wa chembe ndani ya mitambo ya kuziharakisha, na kuuliza ni neno gani lifaalo kuliita kundi la chembe hizo kwa Kiswahili. Waingereza wana neno moja kwa boriti ya nyumba na kwa mwale wa nuru, na ndilo walitumialo hapa. Mfasiri wetu ataiacha boriti na kuushika mwale. Nionavyo mimi, mwale nao wapotosha.

Mwale wa jua hatuufikirii kuwa na wasafiri ndani yake. Lakini katika mtambo mkubwa wa CERN, uliochimbiwa chini ya ardhi karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wenye mzingo wa kilometa 27, kiendacho ni protoni: kwa mpango wa awali mafungu 2,808 kwa kila upande wa mzunguko, na protoni bilioni 115 katika kila fungu. Huzunguka mara 11,245 kwa sekunde. Wala hakuna protoni iifuatayo sawasawa njia iliyochorwa. Kila moja huyumba. Sumaku huirudisha, nayo ikapita kiasi upande wa pili, ikarudishwa tena. Sumaku iubanayo msafara kwa ubavu huupanua kwa kimo, kwa hiyo hupangwa kwa kupokezana. Fikira hiyo aliipata Christofilos mjini Athens, akaiombea hataza mwaka 1950. Courant, Livingston na Snyder waliizua upya huko Brookhaven, Marekani, mwaka 1952, pasipo kujua habari zake.

Myumbo huo huitwa kwa jina la betatroni, mtambo wa Kerst wa mwaka 1940 huko Illinois. Jina limehamia katika mitambo isiyo betatroni hata kidogo, jambo ambalo mwanaisimu halimshangazi.

Sasa, idadi ya miyumbo katika mzunguko mmoja haifai kuwa namba kamili. Ikiwa kamili, kasoro moja ya sumaku itaisukuma chembe kwa namna ile ile kila ipitapo, kama mtoto anayesukumwa katika bembea kwa wakati wake, mpaka igonge ukuta wa bomba. Ndiyo sababu mtambo wa CERN ulipangiwa, wakati wa kuingiza chembe, miyumbo 64.28 kwa ubavu na 59.31 kwa kimo. Nusu na theluthi nazo huepukwa.

Kwa sumaku sahili, mfano wa hesabu ni mwepesi: kila sumaku ni kanuni ya kubadili mahali na mwelekeo wa chembe, na kanuni zote huzidishwa pamoja. Ugumu waja na sumaku za kusahihisha tofauti za kasi-mwendo baina ya chembe na chembe, kwani msukumo wake hukua kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Hapo hapana njia ila kompyuta kuifuata chembe mzunguko kwa mzunguko. Mwaka 2004 CERN iliwaomba watu wa kawaida kompyuta zao za nyumbani kwa kazi hiyo, katika mpango uitwao LHC@home. Na mizunguko milioni moja, ambayo ni hesabu ndefu, haitimizi hata dakika moja na nusu ya mwendo halisi, ilhali chembe huzungushwa kwa saa nyingi. Mfano basi si mtambo. Lazima msafara wenyewe usukumwe kidogo, na myumbo wake upimwe, ndipo mfano urekebishwe.

Nimekwisha kuandika “msafara”, na msomaji aweza kunipinga kwamba msafara una kiongozi, hali protoni hazina. Ni kweli. Lakini fungu lipitalo huacha nguvu za umeme nyuma yake kwa sababu ya kuta za bomba, na fungu lifuatalo huyumbishwa nazo, kama watu wa nyuma wanavyolishwa vumbi la waliotangulia. Mwale hauna vumbi.