Mtandao Unaokatika Kila Baada ya Saa: Chunguza Ukuta-moto

Tangu muhula huu uanze, walimu na wanafunzi kadhaa wa Idara wametujia na lalamiko moja: kompyuta inaunganika vizuri na mtandao usiotumia waya, kisha baada ya muda unakatika. Mwanafunzi mmoja alipoteza majibu yote ya jaribio la sarufi kwa namna hiyo. Wengi huilaumu ruta. Tulipochunguza, tuliona kwamba katika kompyuta kadhaa kosa limo ndani ya kompyuta yenyewe, katika ukuta-moto. (Jina hili huwababaisha wanafunzi wetu. Ni ukuta unaozuia moto usienee, si ukuta unaowaka.)

Ukuta-moto hukagua taarifa zinazoingia na kutoka. Microsoft iliuwasha kama mpangilio wa kawaida ilipotoa Service Pack 2 ya Windows XP mwezi Agosti 2004, na jambo hilo ni jema. Ukuta wa Windows wenyewe huruhusu kompyuta iombe anwani ya mtandao. Matata huanza pale programu ya kukinga virusi inapoleta ukuta wake wa pili, ambao kwa mipangilio yake ya mwanzo huenda ukaushuku kila mtandao mpya.

Anwani hiyo haitolewi kwa kudumu. Huazimwa, kama kitabu cha maktaba. Ikiwa muda wa kuazima ni saa 1, kompyuta huomba kuongezewa muda baada ya dakika 30. Isipojibiwa, huomba tena karibu na dakika ya 52. Maombi na majibu hayo, yanayoitwa DHCP, hupita katika milango ya UDP namba 67 na 68. Ukuta ukiifunga, jibu halifiki, muda unakwisha, na anwani inapotea. Asubuhi mambo yalikuwa sawa kwa sababu huenda anwani ilipatikana kabla ukuta wa pili haujaanza kazi. Alama ya mawimbi hubaki imejaa, ndiyo maana watu wanadanganyika.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Andika saa mtandao unapokatika. Ukikatika kwa vipindi vinavyolingana, shuku ukuta. Kisha fungua dirisha la amri, uandike ipconfig /all. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu. Zima ukuta wa pili kwa dakika chache tu, uandike ipconfig /renew. Ukipata anwani ya kawaida, mkosaji amepatikana. Usipoipata, basi tatizo liko kwingine, na huenda ruta ililaumiwa kwa haki.

Tunawasihi msiuache ukuta umezimwa, kama tulivyoona katika kompyuta mbili za maabara ya lugha. Uwasheni tena, mwingie katika mipangilio yake, mruhusu DHCP na kuutambua mtandao wa chuo kuwa wa kuaminika. Mtandao wa mkahawani au wa hotelini usipewe heshima hiyo. Kama kuta ni mbili, mmoja unatosha; sisi tumebaki na ule wa Windows.

Kabla ya jaribio lijalo, anayetumia kompyuta yake mwenyewe aiache imeunganika kwa saa 2 mfululizo, aone kama itakatika.