Uvimbe wa Ubongo kwa Mtoto Aliye Tumboni

Mama aliyepimwa ultrasaundi katika wiki ya 20 akaambiwa mtoto hana tatizo, kisha katika wiki ya 32 akaelezwa kwamba ubongoni mna uvimbe, huuliza: je, mpimaji wa kwanza alikosea? Mara nyingi hakukosea. Uvimbe huu ni nadra sana, na kwa kawaida huonekana katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho kina manufaa mengi, lakini hakiwezi kuonyesha kisichojitokeza bado.

Kwa hiyo, macho ya mkunga yana thamani kubwa. Tumbo linalozidi umri wa mimba mara nyingi hutokana na mapacha, kisukari au tarehe zilizokosewa. Hata hivyo, mama huyo apelekwe kupimwa upya.

Mpimaji hutafuta kichwa kilichokua kupita kiasi, vyumba vya ubongo vilivyojaa maji, mstari wa kati uliosukumwa upande, na donge lenyewe. Maji ya uzazi nayo huweza kuongezeka, kwa kuwa mtoto aliyeathirika ubongo huenda akashindwa kumeza vizuri. Damu iliyovujia ubongoni huweza kufanana na uvimbe, lakini damu iliyoganda hubadilika na kusinyaa kadiri wiki zinavyopita, ilhali uvimbe hukua. Kipimo cha MRI, kisichotumia mionzi ya eksirei, husaidia kutofautisha.

Aina inayoonekana zaidi kabla ya kuzaliwa ni teratoma, na watoto wengi wenye uvimbe huo hufariki tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Papiloma ya tishu zinazotengeneza maji ya ubongo ina matumaini zaidi: upasuaji baada ya kuzaliwa huweza kuiponya. Uthibitisho wa aina hupatikana kwa kuchunguza kinyama maabara.

Kugundua mapema huwapa wazazi muda wa kuelewa na kuamua pamoja na madaktari. Pia humlinda mama, kwani kichwa kikubwa mno huweza kuleta uchungu pingamizi. Yafaa ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Mwisho, mama aambiwe waziwazi: uvimbe huu si adhabu, wala si matunda ya uzembe wake.