Hija ya Familia Namugongo: Tuanze na Akiba Ndogo

Wengi hudhani safari ya nje ya nchi ni ya matajiri tu. Hata hivyo, hija ya Namugongo, Uganda, walikouawa baadhi ya Mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, yaweza kupangwa kwa kipato cha kawaida. Familia ikiweka shilingi 1,000 kila siku tangu sikukuu yao, tarehe 3 Juni, mwaka ukitimia itakuwa na shilingi 365,000. Basi la kupitia Mutukula na chakula cha kutoka nyumbani hupunguza gharama. Hati za kusafiria na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano vishughulikiwe mapema. Akiba isipotosha, ingojewe Juni nyingine. Ada ya shule isiguswe, wala mkopo usichukuliwe. Hija inayoiachia nyumba deni huondoa amani iliyofuatwa huko.