Mkanda wa Jeshi na Dhana Mbaya

Yako maradhi ambayo mgonjwa huyaficha kwa kuogopa ndimi za watu kuliko maumivu yenyewe. Mojawapo ni mkanda wa jeshi.

Katika mwezi wa Juni, wakati baridi ya Songea inapokuwa kali, nalianza kuhisi moto ubavuni upande wa kushoto. Siku ya tatu yakatoka malengelenge, yakajipanga toka mgongoni hata chini ya kifua mfano wa mshipi wa askari. Siku tano zaidi nalifundisha chuoni hali kanzu ikinichoma kama sindano. Naliogopa jirani asije akasema: “Mwalimu naye ameupata.”

Mke wangu ndiye aliyenitoa nyumbani. Aliniambia: “Mwalimu, wawafundisha watoto kuacha dhana mbaya, nawe waidhania nafsi yako?”

Hospitalini daktari aliniuliza: “Utotoni uliugua tetekuwanga?” Nikajibu, naam. Akasema: “Basi huyu ni mgeni wako wa zamani. Hakuondoka.”

Akanieleza kwamba mtoto apoapo tetekuwanga, virusi vyake havimtoki. Hujificha katika vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo na kichwani, vikalala miaka mingi. Kinga ya mwili ikipungua huamka, vikaufuata mshipa hata kwenye ngozi. Ndiyo sababu malengelenge hushika upande mmoja wa mwili. Yasemwayo kwamba mkanda ukizunguka kiuno ukakutana mgonjwa hufa, hayana asili. Daktari mmoja wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliwachunguza wagonjwa wake katika mji mdogo wa Cirencester kwa miaka 16, na mwaka 1965 akatoa maelezo haya ya virusi kulala na kuamka.

Ni nani basi apatwaye? Mtu mzima mwenye afya njema, hasa aliyevuka miaka 50, aweza kupatwa, kwa kuwa kinga huzeeka pamoja na mwenyewe. Hupatwa pia mwenye saratani anayetumia dawa kali, aliyepandikizwa figo, na mwenye VVU. Katika nchi yetu, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walijulikana Kagera mwaka 1983, mkanda kwa kijana ulikuwa mara nyingi dalili ya VVU. Kwa hiyo daktari humshauri mgonjwa apime. Ushauri huo ni mwema, lakini mitaani tumeugeuza hukumu.

Mimi nalipima. Majibu sitayaandika. Nikisema sina, nitakuwa nimejiokoa peke yangu na kuwaacha wenzangu katika aibu. Yatosha kujua kwamba mwenye VVU hupewa dawa bila malipo, na akizitumia sawasawa huishi, akafanya kazi na kulea watoto wake. Anayejificha ndiye anayeangamia.

Dawa ya mkanda nayo ipo, huitwa asiklovia. Hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge kutokea. Saa hizo mimi nalizipoteza kwa haya, na ngozi ilipopona maumivu yalinibakia miezi minne. Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, maana jicho laweza kupofuka. Asipakwe majivu wala mafuta ya taa. Ayafunike kwa kitambaa safi, wala asimkaribie mtoto mchanga au mama mjamzito asiyepata kuugua tetekuwanga, kwani maji ya malengelenge huweza kuwaambukiza tetekuwanga.

Enyi vijana, Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kutafuta dawa, na Kitabu kimetukataza dhana mbaya. Basi umwonapo jirani ameshika ubavu, usimwulize ameupata wapi. Mwulize: “Umekwenda hospitali?” Akisema bado, mshike mkono, ufuatane naye.

Wabillahi tawfiq.